Taa ya tomati na bidoni sita za maji



Kapita akiandika katika gazeti hili, kwa kawaida anaandika juu ya kuchelewa mstarini, juu ya makelele ya etude, ao juu ya wale wanaoacha ndoo kwa bomba. Leo sitaandika hayo. Nitaandika juu ya taa. Wengi wenu mlicheka mlipoona taa zinaning'inia juu ya makasha ya tomati ndani ya depo. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Nilifanya kosa la hesabu, kiisha nikafanya kosa lingine lisilokuwa la hesabu. Nitaeleza yote mawili, kila moja kwa fasi yake.

Kwanza mnajua namna mtaa wetu wa Lumumba ulivyo. Duka linagusa duka, ukuta unagusa ukuta. Tangu vita vya Djugu vilipoanza tena mwishoni mwa mwaka 2017, jamaa nyingi zilikimbilia Bunia, na leo ni vigumu kukuta kipande cha udongo kisichokuwa na mtu. Mboga nyingi zinatoka mbali, na barabara ikiharibika ao ikifungwa, mama akirudi toka sokoni anaonyesha tomati nne katika mkono mmoja na kusema: angalieni franga zangu. Njo maana kundi letu la bustani liliamua kupanda nyuma ya darasa. Mwaka uliopita tulitengeneza pepinyeri nje. Kuku walifukua nusu, mbuzi wa jirani akamaliza robo, na robo iliyobaki mvua ya mawe ikaisawazisha na udongo kwa dakika kumi.

Basi mwaka huu nilisema: tupande ndani. Ni mimi niliyesema, watu wasimtafute mwingine. Depo ya zamani ina mlango mzuri, ina kufuli, na kuku hana ufunguo. Mwishoni mwa Februari tulijaza udongo katika makasha manne ya mbao, kila moja sentimita 60 kwa 40, tukapanda mbegu. Nilichagua mwanafunzi mmoja wa darasa la saba kuwa mlinzi wa kutia maji asubuhi na jioni. Jina lake sitaliandika. Ni mtoto mwenye kunyamaza, na wakati ule alikuwa ananiita yaya, kama mtu anayemwita mkubwa wake wa nyumbani.

Siku ya sita tomati zikatoka. Mbegu ya tomati haiombi mwangaza ili iote. Inaomba maji na joto tu. Lakini ikishatoa majani mawili ya kwanza, akiba ya mbegu inaanza kwisha, na toka hapo jani linapaswa kupika chakula chake lenyewe, na moto wa jiko lile ni mwangaza. Hayo niliyajua, niliyasoma darasani. Depo ina dirisha moja la bati, nalo halifunguki tena. Linaacha tu ufa mrefu upande wa mashariki. Kwa hiyo nikafunga ampule ya wati 60 kwenye boriti, ile ya zamani yenye uzi wa moto ndani. Nilipenda rangi yake ya manjano. Niliwaza inafanana na jua. Usiku umeme ulipofika, tulifungua mlango na depo yote ikang'aa, na watu wa kundi wakapiga makofi.

Wasomaji, jicho ni shahidi wa uongo. Gizani mboni inafunguka, juani inajifunga, na sisi tunadhani chumba chenye taa kina mwangaza kama uwanja. Mmea hauna mboni ya kufungua.

Baada ya siku tano miche ilikuwa mirefu kama vijiti vya kiberiti viwili vilivyounganishwa, myeupe chini, majani madogo kama sikio la panya. Tena yote ilikuwa imelala upande mmoja, shingo zimeinama kama watu wanaosikiliza mlango. Nilimwita mlinzi. Nilimwuliza kwa nini haitii maji sawasawa, na kwa nini ameivuta. Akajibu kwa sauti ndogo: "Yaya, maji natiaka kila siku. Hii miti iko naangalia dirisha." Kiisha akaongeza kwamba amegeuza kasha moja mara mbili, na mara mbili miche imerudi kuangalia kule kule kwa ufa.

Mimi nilisikia ni maneno ya kujitetea. Mbele ya watu wa kundi nilimpa adabu: bidoni sita za maji toka bomba mpaka jikoni, saa ya michezo, wakati wenzake wanacheza mpira. Alizileta zote sita. Kiisha nikaamuru kasha lililoharibika zaidi litupwe.

Kusema kweli, mtoto yule alikuwa amefanya, bila kujua, kazi iliyompa Charles Darwin na mwana wake Francis kitabu kizima mwaka 1880. Wale wawili walichukua majani machanga ya nyasi, wakaweka mwangaza upande mmoja, wakaona yanainama kwenda kwake. Walipofunika ncha ya jani kwa kofia ndogo, halikuinama tena. Kumbe ncha njo inayoona, na sehemu ya chini njo inayopinda. Katika mwaka 1928 Mholanzi Frits Went alionyesha kwamba ncha inatoa dawa fulani, nayo leo tunaiita oksini. Inakusanyika upande wa kivuli na kurefusha seli za upande ule, na hivi shina linapindia mwangaza. Na kama mwangaza ni kidogo kila upande, mmea unatumia akiba yake yote kwa kurefuka, kama mtu anayesimama juu ya vidole ili aone ng'ambo ya ukuta. Si ugonjwa. Si kukosa maji. Ni kutafuta.

Lakini mimi wakati ule nilikuwa bado naamini ampule yangu. Nilisema, iko juu sana, tuishushe. Tukaishusha mpaka karibu na majani, na asubuhi tukakuta majani ya katikati yameungua pembeni kama karatasi. Ampule ya namna ile inageuza karibu sehemu 5 tu za umeme katika 100 kuwa mwangaza. Zingine zote ni joto. Ni jiko dogo linalotoa mwangaza kidogo. Tena mwangaza wake umejaa wekundu wa mwisho, ule ambao jicho linaanza kushindwa kuuona, na huo unachochea shina kurefuka zaidi. Baada ya siku mbili ikapasuka yenyewe. Sikuilia.

Siku ya posho nikaenda na mweka-hazina wetu katika maduka ya bulvari kuchagua taa mpya kwa mchango wa kundi. Hapa nataka kukawia kidogo, sababu anayetaka kupanda ndani atakutana na mambo haya haya.

Duka la kwanza lilikuwa na tube ndefu nyeupe, ile ya mita moja na sentimita 20, wati 36. Ni taa nzuri kwa miche, haichomi, na inaeneza mwangaza kwa urefu wote wa kasha. Lakini inataka umeme wa mji na kifaa chake cha kuiwasha, na umeme wa mji mnaujua. Duka la pili lilikuwa na taa ya zambarau. Mwuzishaji akaiwasha, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekufa. Akasema: "Hii njo ya kweli, imetoka Kampala, ni jua ya ndani ya nyumba." Hakudanganya kabisa. Jani linakamata zaidi rangi nyekundu na rangi ya buluu, na la kijani linarudisha sehemu, njo maana tunaliona kijani. Wekundu unapika chakula vizuri, buluu inazuia shina lisirefuke ovyo. Mwenye kutengeneza taa ile ametia rangi hizo mbili tu. Lakini chini ya zambarau huwezi kuona kama jani lina umanjano ao doa la ugonjwa, tena bei yake ilikuwa mara nne.

Duka la tatu lilikuwa na LED nyeupe za wati 9, za volti 12, zinazofanya kazi na batri. LED nyeupe ni LED ya buluu iliyopakwa unga wa manjano. Kwa hiyo buluu imo, na wekundu kidogo umo. Kwa ile LED ya buluu watu watatu waliozaliwa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa zawadi ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Taa moja ya wati 9 inatoa mwangaza zaidi kidogo kuliko ile ampule yangu ya 60. Tukanunua nne. Katika uchaguzi wenyewe sikukosea. Hata leo, mtu akiniuliza taa gani kwa miche, nitamjibu: nyeupe, ya LED, iwe karibu, sentimita 10 ao 15 juu ya majani, na ipande kwa kamba kadiri miche inavyopanda.

Nilikosea katika kuuliza swali. Niliuliza taa gani, sikuuliza taa ngapi, wala umeme wa nani.

Umeme ulikuwa wa batri ya etude. Mnaijua, ile ya darasa la mwisho, pano yake iko juu ya bati. Nilitia taa nne saa kumi na mbili za asubuhi mpaka saa mbili za usiku, kila siku saa 14. Miche iliyobaki ikanyooka kidogo, nikafurahi. Usiku wa tatu, sisi wa mwaka wa mwisho tukiwa katikati ya mazoezi ya hesabu, taa za etude zikafifia, zikazima. Usiku wa nne vilevile. Mwenzangu mmoja akapiga kelele gizani: "Kapita, ni tomati itatuandikia Exetat?" Wote wakacheka, na mimi nilifurahi kwamba giza lilificha uso wangu.

Kesho yake Mwalimu wetu wa biolojia akaja depo. Hakunigombeza. Aliomba chaki, akafunga mlango ili watu wengine wasijae, akaandika nyuma ya mlango wenyewe. Maandishi yale bado yapo, anayetaka aende kuyaona.

Batri: volti 12 mara 100, ni wati-saa 1200. Batri ya risasi usiinywe zaidi ya nusu, itakufa mbio. Kwa hiyo 600. Etude: taa tano za wati 9, saa tatu, ni 135. Tomati: taa nne za wati 9, saa 14, ni 504. Jumla 639. "Umekopa 39 kila siku," akasema, "na wakati wa mvua pano hailipi deni." Hesabu ya darasa la saba.

Kiisha akaandika ya pili, nayo njo iliyonimaliza. Ampule yangu ya kwanza ilitoa kama lumeni 700. Ikiwa mita mbili juu, mwangaza ule unasambaa juu ya tufe la mita 50 za mraba. Gawanya: kasha lilikuwa linapata luksi 14. Jua la saa sita, mbingu ikiwa safi, linatoa kama luksi 100 000. Hata siku ya mawingu, nje kuna elfu nyingi. Na LED? Tuseme lumeni zake 800 zote zinaanguka ndani ya kasha, hata moja isipotee. Kasha ni mita 0,24 za mraba. Ni luksi 3333. Iwake saa 12 nzima, jumla inakuwa luksi-saa 40 000. "Sasa gawanya kwa jua la saa sita." Niligawanya: 0,4. Yaani saa 12 za taa ni sawa na dakika 24 za jua. Mwalimu alisema lumeni ni kipimo cha jicho, si cha jani, na hesabu hii ni ya kukadiria. Lakini hata ukikosea mara mbili, bado ni chini ya saa moja.

Nilisimama pale na kufikiri juu ya franga za mchango, na batri, na nje ya mlango kulikuwa jua la bure linalopiga ukuta.

Kwa wengine taa hizi ni lazima, sitaki kuzidharau. Uholanzi wakati wa baridi mchana ni mfupi na jua liko chini, njo maana wanawasha taa juu ya tomati ndani ya nyumba za vioo. Hata kule juu, katika chombo cha anga cha mataifa, wanaanga walipanda saladi chini ya LED nyekundu na buluu, na mwezi wa Agosti 2015 wakaila. Kule hakuna mawingu, lakini pia hakuna uwanja. Sisi Bunia tuko karibu digri moja na nusu toka ikweta, zaidi ya mita 1200 juu ya bahari, na mwaka mzima mchana wetu ni kama saa 12. Shida yetu haikuwa jua. Shida yetu ilikuwa kuku.

Mwalimu alipotoka akauliza: "Na yale makopo nyuma ya jikoni ni ya nani?"

Sikujua makopo gani. Tukaenda. Juu ya ukuta mfupi wa jikoni, fasi kuku hawapandi sababu ya moshi, kulikuwa makopo kumi na moja ya maziwa, na ndani ya kila kopo mche wa tomati. Shina nene, lenye manyoya, majani ya kijani kizito. Yalikuwa yale niliyoamuru yatupwe. Mlinzi wetu wa darasa la saba hakuyatupa yote. Aliyachukua yale marefu, akayazika mpaka shingoni, sababu nyumbani kwao aliona mama yake akifanya hivyo. Shina la tomati likifunikwa na udongo linatoa mizizi. Siku za kwanza aliyaweka kivulini, kiisha kila siku akayasogeza kidogo kwa jua. Na yale yangu yaliyobaki chini ya taa, ya umri ule ule, yalikuwa hayajafika nusu yake.

Mpishi akasema mtoto anakuja asubuhi mapema na kopo lenye matundu, anatia maji, anaenda zake. Alikuwa hajamwambia mtu. Angemwambia nani? Kapita?

Tangu siku ile tumefanya hivi. Mbegu tunaziotesha ndani ya depo, gizani, bila taa hata moja. Siku zinapochomoza, makasha yanatoka kwenye baraza. Tumejenga kizimba cha vijiti na chandarua cha mbu kilichochakaa, na kuku wanakizunguka kama wazee wa baraza wasioalikwa. Siku ya kwanza saa moja ya jua la asubuhi, ya pili saa mbili, hivyo hivyo, sababu jani lililozaliwa kivulini linaungua. Mvua kubwa ikija, watu wawili wanavuta makasha chini ya bati. Taa tatu zimerudi etude, na sasa tuna taa nane kule badala ya tano. Hesabu yake nimeiandika: 8 mara 9 mara 3, ni 216. Ya nne iko kwa mpishi.

Limebaki lile kosa lingine. Adabu ya kapita inatolewa mbele ya watu, lakini kapita akikosea, mara nyingi anakwenda kusema pembeni, kwa sauti ndogo, ili heshima isipungue. Nilifanya hivyo kwanza. Nilimkuta kwa bomba, nikamwambia: mdogo wangu, nilikosa, unisamehe. Akasema, "Hakuna shida, kapita." Nikaona haitoshi. Njo maana naandika hapa, fasi wote wanasoma: mwanafunzi yule alitia maji kila siku. Hakuvuta miche. Aliniambia ukweli mara ya kwanza, nami nilimlipa bidoni sita. Mimi nimezileta sita zangu siku ya posho iliyopita, saa ya michezo, na wengi mliniona bila kujua sababu. Wengine mlidhani Bwana Prefe amenipa adabu.

Bado ananiita kapita. Yaya hajarudi kusema.

Yeye sasa njo mkubwa wa pepinyeri, na amri ya makasha iko kwake. Amesema niandike hivi: miche ya kasha la kwanza na la pili itakuwa tayari juma lijalo. Darasa linalotaka kupanda kwenye kipande chake limtume mtu mmoja tu, siku ya posho, kabla ya saa mbili za asubuhi, na makopo yake yenye matundu chini. Wasioleta makopo hawatapewa, hata wakiwa makapita.